Farasi Mwenye Hofu Hafunzwi kwa Nguvu

Farasi hasemi, lakini mwili wake hauna siri. Yule farasi jike niliyekabidhiwa nimpande kila jioni baada ya kazi, nilipokuwa Ujerumani, alikaza shingo na mgongo mara tu alipotiwa tandiko. Mwenyewe alikwisha kutoa kauli: asipotulia kabla ya majira ya baridi, atauzwa, na farasi mwoga aghalabu hapati mnunuzi mwema.

Mchezo tuliojifunza huitwa dresaji, nao umo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1912. Farasi huongozwa kwa ishara ndogo za miguu, kiuno na hatamu, katika uwanja wenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 20. Mpandaji akikaza mkono, farasi hukaza taya. Akizuia pumzi, farasi hudhani pana hatari.

Kwa hiyo majuma ya kwanza tulitembea tu, tukizunguka duara la mita 20, nami nikipumua kwa utaratibu na kulegeza hatamu kila alipolegea. Juma la sita alishusha shingo, akatafuna lijamu polepole, akatoa pumzi ndefu puani kama mchukuzi aliyetua mzigo. Mwezi wa tatu alikwenda matiti uwanja mzima pasipo kushtuka. Hakuuzwa.

Ndugu msomaji, mwenye watoto nyumbani au wanagenzi kiwandani atanielewa: aliyejaa hofu hafundishiki kwa kulazimishwa. Sharti kwanza mfundishaji aitulize nafsi yake.