Kumi kwa Nne

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililo baharini upande wa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kuchunguza anga kwa eksirei. Iliitwa Uhuru. Ilibidi ipande juu, maana hewa yetu huzuia eksirei za angani zisifike chini. Mmoja wa walioifanyia kazi, Harvey Tananbaum, baadaye alishirikiana na Yoram Avni kuchunguza jambo ambalo mimi, mtu wa Tawa huku Kenya, silimalizi kuliwaza.

Kwasa ni kiini cha galaksi chenye shimo jeusi kubwa ajabu. Gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa hupata joto na kung'aa kwa urujuanimno. Karibu nayo pana wingu la elektroni zenye joto kali zaidi. Sehemu ya mwanga ule ikipita humo hupata nguvu na kuwa eksirei. Ungetarajia basi urujuanimno ukizidi mara kumi, eksirei nazo zizidi mara kumi. Wapi! Huzidi takriban mara nne.

Hesabu hiyo tunaijua huku bila darubini. Kijana anayeuza maembe sokoni hutoa shilingi 500 kwenye harambee ya karo. Akihamia Nairobi, mali ikakua mara kumi, bahasha yake huja na 2,000. Watu hunong'ona: amekuwa bahili. Lakini ametoa zaidi ya zamani, tena kwa mbali, na hilo hakuna anayelitaja.

Mwaka 2015 Guido Risaliti na Elisabeta Lusso walionyesha kuwa uhusiano huo unaweza kupima umbali wa kwasa. Hapa ndipo utamu ulipo. Umbali hufifisha mianga yote miwili kwa kiasi kilekile. Kama ingekua sambamba, kuilinganisha kusingetuambia lolote kuhusu umbali. Kule kupishana kwake ndiko kunakoufichua. Si kazi rahisi, kwani kwasa nyingine hufunikwa na gesi, na wanaastronomia bado wanabishana jinsi kipimo hicho kinavyoweza kuaminika.

Nami siamini bahasha peke yake. Wala siamini gari lililoegeshwa nje ya kanisa Krismasi. Ila ukiviweka pamoja, mwaka baada ya mwaka, unaanza kuona mtu amefika umbali gani kutoka kwetu, na umbali si dhambi. Mweka hazina wetu, mzee asiyejua kwasa ni nini, hufanya hivyo kila harambee. Bahasha ya Nairobi ikisomwa na minong'ono ikianza, huwageukia vijana: "Mpigieni. Msimwombe pesa. Mwulizeni atakuja lini."