Simu ya Upepo

Jina ni mlango wa maarifa. Kitu kisicho na jina katika lugha ya mtu hukaa nje ya nyumba yake kama mgeni aliyepiga hodi asijibiwe. Wazazi wetu walipoona vyombo vilivyopeleka habari pasipo waya, katika vituo vya polisi na vya misheni, hawakungoja kamati iwape istilahi. Waliviita simu ya upepo. Kwa kipimo cha elimu jina hilo lina kasoro, maana mawimbi ya redio hayahitaji upepo wala hewa. Hupita hata katika utupu, kama nuru ya jua. Lakini fadhila yake ilikuwa kubwa: kila aliyelisikia alitambua mara moja kwamba habari imetoka hapa imefika kule, na hapana uzi baina ya pande mbili.

Niliikumbuka hekima hiyo Tukuyu, nyumbani kwa mjomba wangu, mwalimu mstaafu. Yeye huandika habari za mila za Wanyakyusa, na kwa kazi hiyo alinunua kompyuta ya mezani iliyokwisha tumika. Rauta yake, yenye laini ya simu ndani, ilikuwa chumba cha pili. Kijana mmoja wa mjini alikuwa akiviunganisha vyombo hivyo kwa malipo, na kila kompyuta ilipohamishwa aliitwa tena. Mjomba alichoka kununua maarifa yaleyale mara kwa mara. "Mpwa wangu," alisema, "usinifanyie, nieleze."

Nikamweleza. Kompyuta nyingi za mezani, hasa za zamani, hazina antena ya kupokea mawimbi hayo. Hivyo hapana budi kununua kidude mfano wa kidole gumba, kuchomeka katika tundu lake, na pengine kuweka programu ya kukiendesha. Kikichomekwa nyuma, sanduku la chuma huyazuia mawimbi. Afadhali kiwe mbele, au kiinuliwe kwa waya mfupi. Kuta nene za matofali hudhoofisha mawimbi, na zikiloa hudhoofisha zaidi, jambo la kukumbukwa katika mji ambao mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ikiwa hayo yote hayafai, waya kutoka katika rauta hadi kompyuta hauna mashaka.

Kioo kilionyesha jina la mtandao wa nyumba yetu pamoja na majina ya mitandao ya jirani. Mkaza mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza sababu ya jina kutangazwa kwa wote hali mlango umefungwa. Mjomba alijibu kwamba mlango hufunguliwa kwa nywila, neno alilolikuta katika tovuti za serikali. Mkewe akanyamaza. Mimi nikasema: "Mama, jina ni kibao cha nyumba, kila apitaye na asome. Neno la siri ni jibu la hodi. Asiyelijua haingii, maana kifurushi mlichokilipia ni ghala, na ghala lililo wazi huisha kabla ya mavuno."

"Kumbe ni hodi tu," alisema. Akavuta kiti, akalichagua jina la nyumba yake, akaliandika neno la siri kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Kompyuta ikaunganika. Tangu siku hiyo kijana wa mjini hakuitwa tena kwa kazi hiyo.

Hapa pana fundisho kwetu sisi tulio vyuoni. Hatukosi juhudi: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, na orodha za istilahi tunazo. Lakini maneno mengi yamelala katika orodha kama mbegu katika kibuyu. Sisemi nywila ni neno baya. Lina ufupi, na mazoea yatalikomaza. Nasema istilahi isihesabiwe kuwa imezaliwa siku ilipopitishwa, bali siku mtu asiyekuwa mtaalamu alipoisikia, akanyoosha mkono, akatenda. Simu ya upepo, pamoja na kasoro yake, ilifaulu mtihani huo. Maneno yetu mapya nayo yapelekwe kwenye mtihani uleule, katika nyumba za watu, kabla hatujajisifu kwamba tumeikuza lugha.