Saadani: Majani Tele, Ng'ombe Hakuna

Sisi wa Mwamapalala tunakaa si mbali sana na Serengeti, na habari za wanyama wa porini si ngeni kwetu. Lakini iko hifadhi moja ambamo wanyama wa bara hushuka hata kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Ndiyo Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Kiangazi kilichopita tulikwenda huko watu wanne kwa motokaa yetu wenyewe, na mmoja wetu alikuwa mjomba wangu, mfugaji tangu utoto. Nawaelezeni safari hiyo, wasomaji wapendwa, kwa kuwa limo jambo la kumfaa kila mwenye ng'ombe.

Tulipita Maswa, Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro hadi Chalinze. Hapo tulishika barabara ya Tanga, na tulipofika Mandera tukakata mkono wa kulia kuelekea pwani. Tangu hapo ni njia ya udongo, yapata kilometa 60. Zamani Saadani ilikuwa bandari ya misafara, ikielekeana na Unguja. Wapagazi wa Usukuma na Unyamwezi walifika pwani hii kwa miguu, safari ya miezi, wamebeba pembe za ndovu.

Anayekwenda kwa gari lake yampasa ajue mambo machache. Gari liwe la juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Asiende wakati wa masika, mwezi wa Machi hadi Mei, maana udongo mwingi wa huko ni mweusi kama wa mbuga zetu, nasi twajua jinsi unavyonasa hata mkokoteni. Asitegemee kulipa fedha taslimu langoni. Malipo hupitia benki, simu au kadi, na raia hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa ng'ambo. Mwendo usizidi kilometa 50 kwa saa, wala mtu asishuke ila mahali palipoonyeshwa. Tena asivae nguo za buluu wala nyeusi, kwa sababu mbung'o huzipenda mno.

Tuliona twiga, kuro, kongoni na nyati, na katika mto Wami viboko na mamba. Askari wa hifadhi alitueleza pia habari za kasa wa baharini, ambao hupanda usiku pwani ya Madete kutaga mayai mchangani.

Lakini mjomba hakuwa akitazama wanyama. Alitazama majani. Mwishowe akamwuliza yule askari, "Mwanangu, malisho yote haya, ng'ombe wako wapi?"

Askari akajibu kwamba ng'ombe walikuwapo. Upande wa kaskazini palikuwa na ranchi ya Mkwaja, iliyoanzishwa miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge ili wafanyakazi wa mashamba wapate nyama. Walikuwa maelfu ya ng'ombe, na kampuni ilikuwa na fedha. Wakawachoma sindano, wakapiga dawa ya kuua mbung'o, wakafyeka vichaka. Vichaka vya miiba vikarudi, na mbung'o pamoja navyo. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa, na baadaye nchi yake ikaingizwa katika hifadhi. Nyati na pongo huweza kuwa na vijidudu vya nagana damuni wasidhoofike. Ng'ombe akivipata hukonda, akafa.

Mjomba alinyamaza kitambo, huku akijipiga kofi shingoni, maana mbung'o walikuwa wamekwisha ingia garini. Kisha akasema, "Kwetu Shinyanga, wakati wa Waingereza, wazee walifyeka pori pamoja, nao mbung'o wakaondoka. Lakini wazee wale walifyeka, wakajenga, wakalima. Hapa walifyeka vibarua, wakaenda zao."

Ndugu zangu wafugaji, wengi wetu tukaao karibu na pori la akiba la Maswa huona majani ng'ambo ya mpaka, tukadhani ni mali iliyoachwa bure. Wako wanaoingiza mifugo usiku. Akikamatwa, mtu hutozwa faini. Asipokamatwa, pengine hurudi na ugonjwa zizini, asijue ulikotoka. Ukiona ng'ombe anakonda, manyoya yamesimama na machozi yanamtoka, usingoje. Mwite bwana mifugo apime damu yake.