Wimbo Uliotoka Mikononi mwa Askari

Nilipokuwa mtoto Mombasa, wimbo wa taifa ulikuwa mali ya askari. Wimbo wenyewe hatukuuogopa. Tuliyemwogopa ni yule aliyesimama karibu yake. Saa kumi na mbili jioni filimbi ililia kwenye kituo cha polisi, wimbo ukapigwa, bendera ikaanza kuteremshwa, na barabara nzima ikaganda. Mwenye baiskeli alishuka. Hamali aliuachia mkokoteni wake. Mama aliyejitwika kapu la samaki alisimama hivyo hivyo na kapu lake kichwani, maji ya samaki yakimtiririka shingoni, asithubutu kuyapangusa. Aliyeendelea kutembea aliitwa kando, na wengi walioitwa kando walirudi wakipapasa shavu.

Ilikuwa miaka ya 80, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na serikali ya Rais Moi ilimtazama kila mtu mara mbili. Shuleni tuliimba gwarideni kisha tukakariri kiapo cha utiifu, na mwalimu wa zamu alipita katikati ya mistari akitazama midomo. Hata sinema haikuanza mpaka bendera ipepee kwanza kwenye pazia. Ukumbi mzima ulisimama, viti vya kukunja vikipiga kelele kwa pamoja, na ndipo tukaruhusiwa kumwona Amitabh Bachchan.

Uwanjani nilipelekwa na mjomba wangu. Alikuwa kuli bandarini na shabiki wa Feisal, timu iliyokuwa roho ya Waswahili wa kisiwani. Katika mechi kubwa zenye mgeni wa heshima, bendi ilipiga wimbo, nasi tukasimama wima, mikono imenyooka ubavuni. Hakuna aliyeimba. Kuimba ilikuwa kazi ya kwaya za shule. Kazi ya umma ilikuwa kusimama. Mjomba alivua kofia, akaangalia majani, na alichoniambia ni kimoja tu: "Simama, nyamaza, mpira unakuja." Katika maneno hayo nilijifunza jinsi uzalendo wa wakati ule ulivyokuwa. Ulikuwa ada unayolipa ili upate unachokitaka.

Tena wimbo wenyewe ulitoka kwetu Pwani. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, jopo la watu watano, wakiwemo George Senoga-Zake na Thomas Kalume, lilipewa kazi ya kutunga wimbo wa taifa. Hawakuagiza muziki Ulaya. Walichukua mahadhi ya wimbo ambao kina mama wa Kipokomo, huko Mto Tana, huwabembelezea watoto. Mtaani kwetu Majengo palikuwa na mama mmoja Mpokomo aliyeuimba kwa maneno ya kwao huku akimpapasa mjukuu mgongoni, polepole, kwa sauti ya chini kabisa. Nilipousikia mara ya kwanza nilisimama wima mlangoni pake. Akanicheka, akaniambia nikae, mtoto asije akaamka. Kwa mtoto aliyezoea kuusikia kwa tarumbeta, lile lilikuwa jambo kubwa. Nilijua tangu siku ile kwamba wimbo ulikuwa na maisha mengine, mbali na kituo cha polisi.

Maisha hayo nikayaona tena mwaka 1988, wakati wa Olimpiki ya Seoul. Nchi yetu ilikuwa imesusia michezo ya 1976 na ya 1980, kwa hiyo kizazi changu kilikuwa kikisimuliwa zaidi habari za Kipchoge Keino na Naftali Temu kule Mexico mwaka 1968. Mara medali za dhahabu zikaja tano: Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi, Julius Kariuki, na bondia Robert Wangila. Tulijazana sebuleni kwa jirani mwenye televisheni, watoto sakafuni, wanaume ukutani, wanawake ukumbini wakichungulia. Wangila alipovishwa medali na wimbo ukaanza, mjomba aliinuka. Hapakuwa na askari wala mgeni wa heshima, wala hapakuwa na mpira uliokuwa unakuja. Aliinuka na kikombe cha kahawa mkononi, na midomo yake ikacheza. Sikuwahi kumwona akiimba. Ubeti wa kwanza aliujua wote.

Tangu hapo nimeamini kwamba michezo ndiyo iliyouvuta wimbo kutoka mikononi mwa askari, kidogo kidogo, bila tangazo. Mwanariadha aliyesimama juu ya jukwaa la nchi ya mbali, bendera ikipanda kwa ajili ya mbio alizokimbia kwa miguu yake mwenyewe, alitupa sababu ya kusimama ambayo serikali haikuwa nayo.

Haikuwa njia nyoofu, hata hivyo. Mwaka 2003, kwenye mashindano ya dunia jijini Paris, mbio za kuruka viunzi na maji zilishindwa na Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, ambaye wiki chache kabla alikuwa Stephen Cherono wa Kenya. Nyuma yake alikuwa Ezekiel Kemboi, Mkenya. Ukapigwa wimbo wa Qatar. Huko bara, wengi walimwita msaliti. Barazani kwetu maneno yalikuwa mengine. Mzee mmoja aliuliza: vijana wangapi wa mtaa huu wako Doha na Dubai wakiendesha malori na kubeba mizigo, na pesa zao ndizo zinazolisha nyumba hizi? Mbona hao hatuwaiti wasaliti? Hapakuwa na aliyemjibu. Mimi pia nilikuwa na ndugu ughaibuni, na nilijua hakwenda kwa kuichukia Kenya.

Siku ambayo siisahau ni ya Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipoletwa Mombasa kwetu, kwenye uwanja wa gofu unaotazama bahari. Jua la siku ile, pamoja na ule unyevu wa Machi unaoufanya mwili ukose pa kupumulia, liliwaangusha wakimbiaji waliokuwa na majina makubwa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa wa mabingwa, aliacha mbio kabla ya kufika mwisho, na walionizunguka walirukaruka kwa furaha. Watu walikuwa hawana idadi. Walipanda miti, wakavuka ua, wakajaa mpaka pembeni kabisa mwa njia. Wauza madafu walimaliza mzigo mapema. Palikuwa na wanawake wa buibui waliofunga leso za rangi ya bendera kiunoni, na wageni waliosafiri usiku kucha kutoka Eldoret na Iten, na wote walikuwa wamekaa chini ya mwarobaini mmoja wakigawana maji.

Linet Masai alishinda mbio za vijana wa kike, Asbel Kiprop akashinda za wavulana. Wimbo ulipopigwa kwa ajili yao, nilisikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia Mombasa hata mara moja: umati ukiimba, si bendi. Mama mmoja wa makamo kando yangu aliimba kwa lafudhi ya Mvita, na mwanamume aliyekuwa nyuma yake kwa lafudhi ya Kikalenjin. Walipishana kidogo mwendo, wakakutana mwisho wa mstari.

Kisha akaja Lornah Kiplagat. Alizaliwa Kenya, lakini siku ile alivaa sare ya Uholanzi, na alishinda mbio za wanawake. Pale nilipokuwa, kelele zilipungua. Watu wakatazamana. Yule mama wa makamo akauliza kwa sauti, "Huyu tumpigie makofi ama tusimpigie?" Wala hakungoja jibu, akapiga mwenyewe, na wengine tukamfuata. Ukapigwa wimbo wa Uholanzi kwa ajili ya binti wa Bonde la Ufa, na baadaye wa Eritrea kwa Zersenay Tadese aliyeshinda mbio za wanaume. Tulisimama kwa zote. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na fahari ambayo sikuwa nimefundishwa na mtu.

Mwaka ule ule uliisha kwa damu. Uchaguzi wa Desemba 2007 uligeuka mauaji, zaidi ya watu 1,000 wakafa, na wenye majina kama ya wale waliogawana maji chini ya mwarobaini walifukuzana kwa mapanga. Muda mrefu baada ya hapo nilisikia wimbo wa taifa nikanyamaza.

Halafu likaja la vitambulisho. Mjukuu wa mjomba alipotimiza miaka 18, alikwenda ofisi fulani kuomba kipande. Aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha baba yake, na alipokileta, akaambiwa alete cha babu. Babu mwenyewe, aliyebeba magunia ya nchi hii bandarini mpaka mgongo ukapinda, na aliyesimama sebuleni kwa ajili ya Wangila, alizaliwa nyumbani kwa mkunga na hakuwa na cheti. Watu wengi wa Pwani wenye majina ya Kiislamu wanalijua zoezi hilo. Kijana alizungushwa miezi na miezi. Kipindi hicho kuta za mji zilikuwa zimeandikwa "Pwani si Kenya," na sikushangaa nilipomwona akiyasoma maandishi yale bila kuyacheka.

Kipande alikipata hatimaye. Lakini Agosti 2012, David Rudisha alipovunja rekodi ya dunia kule London kwa kukimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91, sote tulisimama mbele ya televisheni isipokuwa yeye. Mjomba alikasirika. Kijana akamwambia kwa adabu, "Babu, mimi Rudisha nampenda. Lakini huo wimbo uliulizwa karatasi za nani?" Mjomba akaketi bila neno.

Nimefikiri sana juu ya swali lile, hasa Juni 2019, Harambee Stars yetu ilipokutana na Taifa Stars ya Tanzania huko Cairo katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Tuna ndugu Tanga, na binamu zangu walikuja Mombasa tutazame pamoja. Zikapigwa nyimbo mbili, zote kwa Kiswahili, zote zikimwomba Mungu. Mahadhi ya ule wa Tanzania yalitungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, na ni ya Zambia pia na, kwa sehemu, ya Afrika Kusini yenyewe. Wetu ni wa kina mama wa Mto Tana. Nyumba nzima iliimba zote mbili, kwa kuwa wote tunazijua, na hata yule kijana aliitikia ule wa Tanzania. Tulishinda 3-2, mawili yakiwa ya Michael Olunga, na binamu zangu wakala biriani yao kwa huzuni.

Kilichofuata sikukitarajia. Juni 2024 vijana waliingia barabarani nchi nzima kuupinga Mswada wa Fedha. Hapa Mombasa walijaa Moi Avenue mpaka kwenye sanamu ya mapembe ya ndovu, binti yangu akiwa miongoni mwao. Mbele ya askari wenye mabomu ya machozi, vijana waliimba wimbo wa taifa. Mimi niliyekua nikiona wimbo ule ukitugandisha barabarani, sasa niliona barabara ikiwaimbia askari. Tarehe 25 Bunge lilivamiwa, risasi zikapigwa, vijana wakafa. Binti yangu alirudi nyumbani macho mekundu na sauti imemkauka.

Wiki chache baadaye ikaanza Olimpiki ya Paris. Beatrice Chebet alichukua dhahabu ya mita 5,000 na ya 10,000. Tarehe 10 Agosti, Emmanuel Wanyonyi akashinda mita 800 na Faith Kipyegon mita 1,500, Olimpiki ya tatu mfululizo. Nilidhani binti yangu hatataka kuona bendera. Alisimama, mkono kifuani, akaimba kwa sauti iliyojaza nyumba. Mjomba, ambaye sasa ni mkongwe, alimkosoa kwamba mikono hukaa ubavuni, kifuani ni mambo ya Wamarekani. "Ubavuni ni ya kuogopa, babu," akamjibu, "mimi siogopi." Nilimuuliza anawezaje kuimba baada ya yaliyotokea. Akasema kwamba waliokufa waliuimba, kwa hiyo hawezi kuuachia waliowapiga risasi.

Agosti 2025 mashindano ya soka ya CHAN yalichezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Sote tulikusanyika nyumbani kutazama Kenya ikicheza na Morocco pale Kasarani, uwanja uliojengwa enzi za Moi kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Wimbo ulipoanza, uwanja ulinguruma kiasi kwamba muziki haukusikika. Binti yangu alisimama, mkono kifuani. Mjomba alisimamishwa na mkongojo, mikono ameinyoosha. Mjukuu wake alibaki amekaa, jezi ya Harambee Stars mwilini. Mjomba alinitazama akitaka nimwambie kitu. Sikumwambia, wala sitamwambia. Anaipenda timu, kodi analipa, kura anapiga, na mtoto wake wa kwanza bado hajaombewa kipande. Tutaona ataulizwa nini.