Mpiga picha wa Baraka aiacha simu, ashika kamera ya zamani

Mjini Baraka, wilayani Fizi, kila mwenye simu nzuri ni mpiga picha siku hizi. Ndiyo maana wenzake walimcheka mpiga picha mmoja wa upande wa sokoni alipotoa akiba yake yote kununua Nikon D90, kamera iliyotoka mwaka 2008. Ina megapikseli 12 tu. Kwa feza ile ile, walisema, angepata simu ya megapikseli 50.

Yeye hakuuliza megapikseli. Alimwomba mfanyabiashara aliyeivusha kutoka Kigoma amwachie aishike kwanza. Akafumba macho, akatafuta kitufe cha kupigia, kisha kigurudumu cha mwanga. Vidole vikafika vyenyewe. Simu zilikuwa zinamteleza mkononi, hasa akiwa mtumbwini. Moja imelala chini ya Ziwa Tanganyika hadi leo.

Tena kuna jua. Saa saba mchana, wavuvi wakianika ndagala, kioo cha simu hakionyeshi kitu, mtu anapiga kwa kubahatisha. Kwenye D90 anachungulia kidirishani: mwanga unapita kwenye lensi, unarudishwa na kioo kidogo kilichomo ndani, unafika jichoni bila kula umeme. Betri ikijaa inaweza kufikisha picha kama 850. Kwa watu wanaolipa ili kucharji kwenye sola, hilo si jambo dogo.

Simu ina faida yake, inatuma picha papo hapo. Na kamera hii picha zake za usiku zinajaa chengachenga, hakatai. Lakini wateja wake wanaagiza karatasi ya sentimita 10 kwa 15, na hiyo inatosheka na megapikseli 2. Jumapili hana mteja hata mmoja, bado anaibeba. Anapenda tu kutembea nayo.

Familia nyingi zilizokimbia vita milimani zilifika Baraka bila picha hata moja. Zilibaki nyumbani, na nyumba zikachomwa. Mama mmoja kati yao alikuwa anakataa kabisa kupigwa kwa simu. Watu wengi walikuja, wakainua simu, wakaondoka na sura ya watoto wake, asiwaone tena.

Mbele ya kamera alikubali kukaa. Kijana aliweka jicho moja kidirishani, la pili akamwangalia nalo.

“Mama, sipigi mpaka uniambie.”

Alikaa kimya kwa muda, akanyoosha kitenge. “Haya, mwanangu.”

Kioo kikaruka ndani, klak! Mama akacheka. “Kumbe yenyewe inasema ikimaliza.” Akaita wajukuu, wakapigwa tena pamoja.

Jumamosi alirudi kuchukua karatasi zake mbili. Moja aliifunga ndani ya kitenge. Ya pili alimwachia mpiga picha amtunzie, maana hajui kama hawatakimbia tena.