Kusitiri na Kudhihirisha: Tafakuri juu ya Aya Moja ya Kiebrania

Katika Mithali 27:5 mshairi wa Kiebrania anapima vitu viwili: karipio litolewalo waziwazi na upendo ufichwao. Anaamua kwamba lililo bora ni karipio. Kwa miaka mingi nimeifundisha aya hiyo kama mfano wa usambamba: kila nomino inafuatwa na neno la sifa lililoundwa kutokana na kitenzi katika kauli ya kutendwa.

Neno linaloeleza upendo huo latokana na mzizi s-t-r, ambao ni ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupatia sisi kusitiri na stara. Hapo ndipo penye utata. Kwetu, kusitiri ni wema. Twamwomba Mungu atusitiri, na amsitiriye mwenzake husifiwa. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili aweza kudhani kwamba upendo uliositiriwa ndio wenye adabu.

Hivyo ndivyo alivyopenda marehemu baba yangu. Karipio lake lilisikika hadi kwa majirani. Mwaka nilioingia sekondari baiskeli yake ilitoweka, akatuambia imeibwa. Siku ya kuondoa matanga yake ndipo baba mdogo aliponieleza kwamba iliuzwa ili nilipiwe karo. Nilikuwa na umri wa miaka 41.

Kwa muda niliona kwamba maisha yake yaikanusha aya ile. Nilipoirudia, nilitambua jambo nililokuwa nikilipita. Mshairi haukani upendo uliofichwa. Anauita ahava, neno lilelile ambalo mwanamke wa Wimbo Ulio Bora anautangazia upendo wake mbele ya mabinti wa Yerusalemu. Kinachopimwa, basi, si ukweli wa upendo bali manufaa yake kwa apendwaye. Karipio humfikia, upendo uliofichwa haumfikii. Aidha, ulinganisho huo umeacha nafasi tupu: upendo uliodhihirishwa haukutajwa kabisa, nadhani kwa sababu ubora wake hauhitaji mizani. Kuudhihirisha upendo si kuuongezea kitu, bali ni kuufikisha.

Baba alinipa pande zote mbili za aya. Stara yake ilinikinga na aibu ya umaskini wetu; lakini ilimnyima yeye shukrani ya mwanawe, ambayo sasa naiandika asipoweza kuisoma.