Daktari wa Karema

Ukitaja daktari wa zamani mbele ya vijana, wengi humfikiria Mzungu mwenye ndevu na kofia ya jua, na wapagazi nyuma wakichukua masanduku ya dawa. Nataka kuwasimulia habari za daktari mmoja wa karne ya 19 ambaye hakuwa Mzungu, wala hakukaa mjini. Jina lake Adrien Atiman. Aliwatibu watu wa Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, tangu mwaka 1889 mpaka kufa kwake mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: miaka 67 mahali pamoja.

Karema ni mbali na kwetu Busasamana, lakini maji yanaijua njia. Ziwa Kivu humwaga maji yake katika mto Rusizi, nao Rusizi huingia Ziwa Tanganyika. Tena Mapadre Weupe waliompeleka Atiman Karema ndio waliofika Save mwaka 1900, na Nyundo, karibu nasi, mwaka 1901.

Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, penye mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Akiwa mtoto mdogo aliibiwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mwaka 1876 Mapadre Weupe walimnunua Algeria ili wampe uhuru, wakamtia shuleni. Baadaye Lavigerie, mwanzilishi wao, alifungua nyumba kisiwani Malta ili vijana Waafrika waliokombolewa wasomee udaktari, nao wawe madaktari na makatekista pamoja. Atiman alikuwa mmoja wao.

Katika mpango huo liko jambo ninalolipenda na jambo lisilonipendeza. Lavigerie hakutaka vijana wale wageuzwe Wazungu. Alitaka waishi kama Waafrika na kuoa Waafrika, ili wakubaliwe vijijini. Hilo ni jema, na hata leo wako wasomi wengi ambao lingewafaa. Lakini kijana mwenyewe aliulizwa nini? Alinunuliwa kwa ubaya, akanunuliwa tena kwa wema, kisha akapelekwa mahali palipokuwa mbali mno na Tundurma kuliko Algeria ilivyokuwa. Nimelifikiri sana jambo hili, maana alipomaliza masomo mwaka 1888 alikuwa na umri wa miaka kama 22. Amenipita mitatu tu.

Mwaka huo huo, watu wa pwani wakiongozwa na Abushiri walipoinuka kupigana na Wajerumani, Atiman alipanda bara katika msafara wa Askofu Bridoux. Walifika Karema mwanzoni mwa 1889. Palikuwa na boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, ambalo mapadre walipewa mwaka 1885. Ng'ambo ya ziwa Kapteni Joubert, Mfaransa, alikuwa akipigana na wakamataji wa watumwa. Basi yule aliyeuzwa kaskazini mwa Afrika akawa daktari wa watu waliowakimbia wauzaji wa watumwa huku kwetu.

Sasa fikirini alikuja na elimu gani. Daktari Laveran alikuwa amekiona kijidudu cha malaria katika damu mwaka 1880, huko huko Algeria. Lakini kwamba mbu ndiye anayekichukua, Ross hakulithibitisha mpaka mwaka 1897. Maana yake ni kwamba kwa miaka minane Atiman alipigana na homa bila kumjua adui aliyekuwa akiimba sikioni mwake kila usiku. Kwinini ilikuwapo, chandarua kilikuwapo, lakini sababu haikujulikana kwake wala kwa bingwa yeyote wa Ulaya. Kadhalika malale, ugonjwa ulioleta msiba mkubwa pande za ziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyeonyesha kwamba mbung'o ndiye anayeueneza ni David Bruce, huko Uganda mwaka 1903. Na Bruce huyo alikuwa Malta mwaka 1887, akichunguza homa ya kisiwa kile, wakati Atiman alipokuwa mwanafunzi huko! Penisilini nayo ilipoanza kuenea, baada ya Vita Kuu ya Pili, Atiman alikuwa mzee wa karibu miaka 80.

Alimwoa Agnes Wansahira, wa ukoo wa mtemi wa Wabende. Kwa ndoa hiyo mgeni akapata wakwe, na mwenye wakwe si mgeni tena. Mwana wao Joseph alipata upadre mwaka 1923, miaka sita baada ya mapadre wetu wa kwanza wa Rwanda, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho. Serikali zilikuja na kwenda, Wajerumani, Wabelgiji kwa muda, kisha Waingereza, naye yuko pale pale na wagonjwa wake. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Huko Sumbawanga iko hospitali yenye jina lake.

Nina sababu ya kuyaandika haya mwaka huu. Niko kidato cha mwisho, na nyumbani wanasubiri nitakachochagua. Baba ataka niwe daktari. Bibi naye asema daktari aliyetoka mlimani petu humwona arusini tu, na siku hizo huwa na haraka. Ninyi mliotutangulia hapa shuleni mtajua kama bibi anasema uongo.

Likizo iliyopita nilimsimulia shangazi habari za Atiman. Shangazi ni mmoja wa washauri wa afya wa kijiji, wale waliochaguliwa na jirani zao, ambao wako nchini kote tangu mwaka 1995. Huwapima watoto malaria, huwapa vidonge, na mgonjwa akizidiwa huwaita wanaume wenye nguvu wa kumchukua kwa machela kwenye mawe yale ya Nyiragongo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya viazi. Hakuuliza habari za Malta wala za Askofu. Aliuliza, "Dawa zilipokwisha, alipata wapi nyingine?"

Nilimwambia zililetwa kwa wapagazi kutoka pwani, safari ya miezi.

"Na wagonjwa miezi hiyo aliwaambiaje?"

Nilinyamaza. Shangazi akafuta mikono, akafungua sanduku lake, akahesabu vidonge vilivyobaki, akaniambia nimwandikie hesabu ile daftarini kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri jioni.